Ubavu wa Kulia

Vitanzi vinne vililetwa Muhima, mjini Kigali, ndani ya mfuko wa karatasi. Zamani vilikuwa vyeupe. Nyayo za watu zilikuwa zimevifanya rangi ya chai ya maziwa. Aliyevileta alipanda hadi ghorofa ya pili, kwenye chumba kirefu wanamokaa washonaji kumi na mmoja na cherehani zao, akapita meza moja baada ya nyingine na kusimama mbele ya Athanasie, labda kwa kuwa yeye peke yake hakuinua kichwa.

"Shikamoo, mama."

Chumba kikacheka. Athanasie alitoa pini mdomoni. Alikuwa amekulia Buyenzi, kule Bujumbura, na Kiswahili alikuwa nacho tangu utotoni, ila chake hakikuwa na shikamoo ndani.

"Hiyo nimeipokea, mwanangu," akasema. "Sijui tu pa kuiweka."

Mgeni naye akacheka, na wakawa wamezoeana. Aliitwa Winifred. Wazazi wake Wanyarwanda walimlea Mwanza, akaja Kigali akiwa mtu mzima, na Kinyarwanda chake bado kilikuwa kinajikwaa, hivyo popote alipompata mtu wa Kiswahili alimng'ang'ania kama ndugu. Alieleza kwamba vitanzi vile ni vya kuingizia miguu, kwamba hufungwa kwenye kamba za kitanda cha mazoezi, na kwamba mishono yake imeachia. Yeye ndiye mwalimu wa mazoezi hayo, huko Rebero. Yanaitwa pilates.

"Pilato?" akauliza Mukasine, jirani wa meza ya kushoto, mtu ambaye hakuna neno lililompita. "Yule aliyenawa mikono?"

Kicheko kilizunguka tena. Athanasie alisimama kutafuta uzi mnene. Alisimama kama alivyozoea siku hizi: kiganja mezani, uzito wote kwenye mguu wa kushoto, kisha kimya kifupi kabla ya hatua ya kwanza. Wenzake walikuwa wameshakizoea kimya hicho. Winifred alikiona. Alipokuwa anaondoka alisema vitanzi vikiwa tayari asivitume kwa mtu wa pikipiki, aje navyo mwenyewe avifunge, na yeye atamlaza juu ya kitanda aone kazi yake inavyofanya kazi.

"Kwa hiyo unapanda milima yote mpaka Rebero, kwenda kulala?" Mukasine alimwambia baada ya mgeni kushuka ngazi. "Ndera kwako haiko kitanda?"

Athanasie aliinama juu ya cherehani yake. Kwake Ndera kilikuwepo kitanda. Ulikuwa ni mwezi wa kumi na nne tangu chumba chenye kitanda hicho kiachwe kama kilivyo, na yeye alikuwa analala sebuleni, kwenye godoro, daima kwa ubavu wa kushoto.

*

Vitanda vilikuwa sita, vimepangwa kwa safu mbele ya ukuta wa kioo, na jambo la kwanza lililomjia Athanasie mlangoni ni kwamba ameingia wodi. Kila kimoja kilikuwa na mto mdogo, na kamba mbili, na harufu ya dawa ya kusafishia. Alikumbatia mfuko wake wa karatasi, akauliza wagonjwa wako wapi.

Winifred alimwambia hakuna mgonjwa. Alimwonyesha kwamba kile alichokiita kitanda ni kigari kinachotembea juu ya reli, na kwamba chini yake ziko springi tano zenye ncha za rangi. Ukilala na kusukuma bomba la miguu, kigari kinakwenda na springi zinavutika, ukilegeza, zinakurudisha.

Athanasie alipiga goti, kwa shida, akachungulia chini. Alizishika springi moja moja, akazivuta kwa vidole viwili na kuziachia. Springi alizijua. Mume wake, Damascène, alikuwa fundi wa cherehani, na kwa miaka ishirini na minane ya ndoa yao nyumba haikukosa kopo la peremende lililojaa springi ndogo, nyingine nyembamba kama unywele. Hivyo ndivyo walivyokutana, Buyenzi, cherehani ya mama yake ilipogoma kushika uzi. Kijana alifungua kifuniko, akaitoa springi, akamwambia msichana aliyesimama pale kwamba hii imevutwa sana, haitarudi tena mahali pake, atafute nyingine. Msichana akamuuliza kama anazungumza juu ya cherehani. Kiswahili kilikuwa ni lugha ya michezo yao tangu siku ile. Kirundi, na baadaye Kinyarwanda, kilikuwa cha kazi na cha kanisani. Wakitaka kutaniana, walirudi Buyenzi.

"Hizi ni nzima," alimwambia Winifred, na akavifunga vitanzi vyake.

Kisha akavua viatu, akalala chali, kitenge kimebanwa vizuri magotini. Winifred alimwekea visigino kwenye bomba. Akasukuma. Kigari kilikwenda naye, kimya, na dari ikasogea. Ulikuwa ni muda mrefu tangu kitu chochote kimchukue Athanasie bila yeye kukibeba.

Alirudi kwa kishindo. Chuma kiligonga chuma.

"Usikiachie, mama. Kwenda ni rahisi, kila mtu anakwenda. Kurudi ndiyo kazi."

Mara ya pili alirudi vizuri zaidi. Walipofika zoezi la kuinua kiuno, alisema springi ni nyingi kwa mwanamke wa umri wake, apunguziwe, abakiziwe moja. Winifred alisita, kisha akazitoa zote isipokuwa moja. Athanasie alinyanyua kiuno, na kigari kikamkimbia, kikayumba chini yake kama mtumbwi, mapaja yakatetemeka, mikono ikatafuta pa kushika.

"Ndiyo maana nilisita," Winifred alisema huku amekishika. "Hapa springi zikiwa nyingi zinakushikilia. Ikibaki moja, unajishikilia mwenyewe."

Athanasie alibaki chali akihema. Alisema hilo alikuwa analijua, ila hakujua kwamba linafundishwa.

Baada ya hapo Winifred alimwekea mto chini ya kichwa vizuri, akamwambia kwa sauti ile ile ya upole: "Sasa geuka, mama. Lala ubavu wa kulia."

Athanasie aliketi. Akashuka. Akavaa viatu, kimoja kikiwa hakijaingia vizuri kisiginoni, akasema ameacha maharage jikoni, na akaondoka. Ilikuwa saa tano asubuhi na alikuwa ametoka kazini, siyo jikoni. Winifred alimtazama kupitia kioo akiteremka barabara, mguu mmoja mrefu, mmoja mfupi.

*

Damascène alipigwa na kiharusi katikati ya kazi, bisibisi mkononi. Upande mmoja wa mwili ulikufa, na nusu ya mdomo nayo. Baada ya majuma matano hospitalini wakamrudisha nyumbani, na kwa miezi tisa Athanasie akawa *umurwaza*, yule mtu anayekaa kando ya mgonjwa wake, anayelisha, anayefua, anayesubiri. Aliacha meza yake Muhima, akaweka cherehani ya nyumbani sebuleni, akaielekeza kwenye mlango wa chumba ili amsikie mgonjwa akiita. Kijana wao Clovis, mwalimu wa shule huko Rubavu, alikuja kila alipoweza.

Muuguzi alikuwa amemfundisha jambo moja kuliko yote: kumgeuza. Kila baada ya saa mbili, asije akaota vidonda. Goti kwanza, kisha bega, kisha unavuta pumzi na kumvuta kwako. Damascène alikuwa mtu mkubwa. Akilala ubavu wa kushoto alitazama ukuta. Akilala ubavu wa kulia alitazama upande wa dirisha. Athanasie alipenda kumwelekeza dirishani, kwa sababu pale, yeye akiwa amesimama, aliona bonde lote, mashamba ya mahindi na nyumba mpya zinazojengwa. Wageni aliwaambia, mume wangu anapenda dirisha lake.

Na kila alipokuja kumgeuza alimuuliza, "Kulia au kushoto?"

Naye, kwa nusu ya mdomo, maneno yakitoka kama yamelowa, alijibu, "Kulia nimeshalia. Twende kushoto." Au siku nyingine, "Kulia, lakini wewe usilie." Ulikuwa mzaha mdogo, mzaha wa mtoto, lakini ndio pekee uliobaki katika mizaha yao yote, na waliutumia kila siku bila kuuchoka. Usingewezekana katika Kinyarwanda. Mkono wa kulia ni neno jingine, machozi ni neno jingine; huwezi kuyachanganya hata ukitaka.

Siku ile ilikuwa Jumamosi. Athanasie alikuwa na mishanana sita, mavazi ya sherehe ya wasindikizaji wa bibi harusi, na gari lilikuwa linakuja kuichukua saa sita. Mgongo ulikuwa unamuuma tangu alfajiri. Damascène alikuwa amelala kushoto, uso ukutani, na saa zake mbili zilikuwa hazijatimia.

Akasema, "Kulia."

Neno moja, bila mkia. Athanasie alicheka pale pale alipokaa, mguu juu ya kanyagio. Akamwambia, "Ngoja nimalize pindo."

Pindo lilikuwa refu. Alipolimaliza, akakata uzi kwa meno, akaenda chumbani akiuliza kwa sauti kulia au kushoto. Aliweka mkono kwenye bega lake na bega likawa halina jibu.

Walipotoka makaburini watu walikuja nyumbani, wakanawa mikono kama desturi inavyotaka, wakapewa cha kunywa. Walimuuliza jinsi mumewe alivyokwenda. Athanasie aliwaambia kwamba alikwenda usingizini. Aliwaambia hivyo Clovis na padri na Mukasine, na alipomwagiwa maji mikononi kwenye beseni aliyasikia baridi mpaka kwenye viwiko. Baada ya juma moja wakamaliza ikiriyo, siku za kilio zikafungwa rasmi, watu wakarudi kwao. Maumivu ya nyonga ya kulia yakaanza mwezi huo. Daktari alimpiga picha, akaona mifupa iliyochakaa kidogo kama ya mtu yeyote wa miaka hamsini na sita, akamwandikia dawa na kumwambia afanye mazoezi.

*

Juma la pili tangu siku ile ya Rebero, Winifred alipiga simu. Hakuuliza habari ya maharage. Alisema vitanzi vimekaa vizuri mno, wanafunzi wanavisifu, na kwamba kesho saa nne kitanda cha mwisho dirishani hakina mtu. Athanasie alisema atafikiria. Akaenda.

Akaenda na mara nyingine, na nyingine. Alijifunza kurudi bila kishindo. Alijifunza kuingiza miguu katika vitanzi alivyovishona mwenyewe na kuchora duara hewani, jambo lililomfanya acheke kwa aibu mara ya kwanza. Huko Muhima, Mukasine alimuuliza kila Jumanne kama Pilato ameshanawa. Athanasie alimwambia bado anatafuta sabuni. Mguu ulipata nguvu kiasi, mgongo ukanyooka kiasi. Nyonga haikubadilika. Winifred alimlaza ubavu wa kushoto, wakafanya mguu mmoja tu, na somo likaishia hapo kila siku, upande mmoja umefundishwa, mwingine umeachwa.

Katika somo la tano Winifred alimwambia ukweli wa kazi yake: anaweza kuendelea kumfundisha nusu, lakini nusu haiponyeshi. Nyonga inayouma haijawahi kukandamizwa, haijawahi kushikilia kitu, inajiogopa. Akauliza kama iliwahi kuvunjika.

Athanasie alikuwa amekaa ukingoni mwa kigari, mikono mapajani, kioo mgongoni mwake. Alianza kwa kusema kwamba hapana, hakuna kilichovunjika. Kisha akaeleza juu ya pindo. Alieleza kwa utaratibu, kama mtu anayempa mteja vipimo: Jumamosi, mishanana sita, gari la saa sita, neno moja. Hakuwa amemweleza mtu.

"Mpaka leo sijui alisema nini," akamaliza. "Kama alitaka nimgeuze, au kama alikuwa anataka kulia. Iko neno moja. Angesema kwa Kinyarwanda ningejua. Alisema kwa Kiswahili, nikadhani ananichekesha."

Winifred alikaa sakafuni karibu na miguu yake, akavivuta vitanzi viwili vikae sawa juu ya ndoano, akavigusa mshono kwa kidole. Walikaa hivyo mpaka watu wa saa tano walipoanza kuingia na mikeka yao.

Somo lililofuata, ulipofika wakati wa kugeuka, Winifred alikohoa kidogo, akasema, "Tukiweza leo, mama, tujaribu ubavu wa... iburiyo."

Alikuwa amelifanyia mazoezi neno hilo la Kinyarwanda, ilionekana, na bado lilitoka limepinda. Athanasie alimtazama.

"Unanitafutia neno lingine?"

"Nilidhani lile linakuumiza."

"Linaniuma. Lakini ndilo alilolisema." Alipandisha miguu kitandani. "Sema hilo hilo."

Winifred alisubiri mpaka kichwa kifike kwenye mto. Akaondoa springi tatu, akaacha mbili.

"Kulia, mama," akasema.

Athanasie aligeuka kwa namna anayoijua: goti kwanza, kisha bega, kisha pumzi. Nyonga ilipogusa kigari alitoa sauti ndogo. Mbele yake kilikuwepo kioo, na nyuma ya kioo mji wote umelala juu ya vilima vyake, mabati yakimeremeta, na mbali zaidi vilima vya upande wa Ndera. Alisukuma bomba kwa mguu wa kushoto. Kigari kilikwenda. Alirudi nacho polepole. Alifanya hivyo mara nane, na machozi yalikuwa yanavuka pua na kuingia katika mto, yakishuka kutoka jicho moja kwenda jingine kama yanavyoshuka kwa mtu aliyelala ubavu, na mwalimu wake alihesabu mpaka nane.

*

Jumapili, baada ya misa, Athanasie alifungua mlango wa chumba. Alifungua na dirisha. Alikung'uta shuka, akaitandika upya, akaona kwamba ameimaliza kazi na hana tena sababu ya kusimama. Mlango aliuacha wazi nyuma yake.

Akapanda. Akalala kwanza upande wa ukuta, mahali pa Damascène, uso karibu na rangi iliyobabuka pale alipokuwa anaigusa kwa kidole chake kizima. Alikaa hivyo kitambo. Kisha goti, bega, pumzi.

Alitegemea bonde. Alikuwa amejiandaa kuyaona mahindi na nyumba mpya, na kumwambia marehemu kwamba zimeshaezekwa. Lakini dirisha lilikuwa juu, na mtu aliyelala hakuona bonde lolote. Aliona ukingo wa bati la jirani na kipande cha mawingu. Aliinua kichwa kidogo, akakirudisha. Hakukuwa na kitu kingine pale, na kwa miezi tisa alikuwa anawaambia wageni, mume wangu anapenda dirisha lake.

Kando ya dirisha ulikuwa mlango. Kupitia mlango ulio wazi, sawasawa na macho ya mtu aliyelala, hatua nne tu kutoka kitandani, ilionekana cherehani ya nyumbani, na nyuma ya cherehani, kikiwa kimeelekea huku, kiti alichokuwa anakalia yeye akishona.

Hakikuwa na mtu. Kitambaa cha kukalia kilikuwa bado kimebonyea katikati.

Nyonga ilikuwa inamuuma. Hakugeuka.